Soseono wa kwenye Jumong alifanya sawa kuondoka na wanae, au aliacha jasho lake bure?

MamaKayabo

Habari za saa hizi wana jukwaa, wakubwa shikamooni. Nina swali moja tu ila maelezo yake ni marefu mnivumilie, limenikaa rohoni tangu wiki iliyopita na hapa mwaloni, tunaposhushia samaki, nimeshawauliza wenzangu wote mpaka wamenichoka.

Nimemaliza Jumong, ile sizoni ya Kikorea, kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza ilikuwa enzi za deki, zile sidii ambazo sizoni nzima imebanwa kwenye sahani moja, ikifika pazuri inaganda, unaitoa unaifuta kwa kanga unairudisha. Nilikuwa nimepanga chumba Kirumba, TV ilikuwa ya baba mwenye nyumba na sebule yake ilikuwa inajaa mpaka wengine wanachungulia dirishani, episodi 81 tulizimaliza kama wiki tatu hivi na hela ya umeme tulikuwa tunachangishana. Mara ya pili nilikuwa nimejifungua. Hii ya tatu nimeangalia na mama yangu mzazi, amekuja kutoka kijijini anatibiwa macho, haoni vizuri na Kiingereza cha sabtaito hakijui, kwa hiyo nikawa nasoma namgeuzia kwa Kisukuma. Kila jioni nikitoka mwaloni nikishaoga tunakaa, episodi mbili, tatu umeme ukiruhusu. Sijawahi kuielewa Jumong kama nilivyoielewa mara hii, maana ukiangalia mwenyewe kuna maneno unayaruka, ila ukiwa unamsimulia mama yako huwezi kuruka, atakuuliza "huyo naye kasema nini".

Kwa ambao hamjaiona au mmesahau. Jumong amelelewa kwenye nyumba ya mfalme wa Buyeo, kaka zake Daeso na Yeongpo hawamtaki. Soseono ni binti wa mfanyabiashara mkubwa wa Jolbon, Yeontabal, na yeye mwenyewe ni mfanyabiashara haswa, anatembea na msafara, anahesabu mizigo, anapatana bei na wanaume. Wale wa Han, yaani Wachina wa enzi hizo, walipowabania Buyeo chumvi, ni kwa msafara wa Soseono ndo Jumong alifika mpaka Gosan kwenye mlima wa chumvi. Mimi nauza dagaa na kayabo, yaani sangara wa kukaushwa kwa chumvi, chumvi kwangu ndo mtaji, ikipanda bei kayabo ya kwenda Kongo inalala, kwa hiyo pale nilimuelewa yule dada kuliko mtu yeyote mle ndani. Sasa hawa wawili walipendana lakini Soseono akaambiwa Jumong kafa, akaolewa na Uteh, wakapata watoto wawili wa kiume Biryu na Onjo. Jumong naye kule alikookolewa akamuoa Yesoya. Baadaye Uteh akafa, Yesoya akadhaniwa kafa yeye na mtoto wake Yuri, basi Jumong na Soseono wakaoana wakaijenga Goguryeo pamoja. Watu wa Jolbon, mali ya Jolbon, farasi, chakula, vyote mkono wa Soseono umo.

Halafu Yesoya anarudi na Yuri akiwa kijana mkubwa. Na Soseono anafanya nini, anachukua wanae na watu wake anaaga anakwenda kusini kuanza upya!

Mara ya kwanza nililia kwa hasira. Nilisema huyu mwanamke kaonewa na kajionea mwenyewe, huwezi kujenga nyumba kwa hela yako halafu siku mwenzio anafika unabeba begi. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara hii nilipofika pale nikasimulia sauti inakwama, mama yangu akasema kwa utulivu kabisa, "Kafanya vizuri. Angebaki hao watoto wangekuja kuuana."

Sasa niwaambie kitu. Mama yangu alikuwa mke wa pili. Sisi tuko wanne kwake. Nikiwa na miaka kama sita aliondoka kwa baba na sisi, na sufuria mbili na godoro, akaja huku ziwani Igombe akaanza kukaanga samaki. Hajawahi kutuambia kwanini aliondoka na sisi hatukuwahi kumuuliza, ilikuwa ni kitu cha kutoulizwa. Na yale maneno yake kuhusu Soseono ndo mara ya kwanza katika maisha yangu nimesikia kitu kinachofanana na jibu.

Ndo nauliza nyie mlioangalia, mnaonaje? Alifanya sawa? Na tafadhali anayetaka kunijibu "hiyo ni muvi tu" apite, siihitaji hiyo.

Flashi_Igoma

Dada kwanza mpe pole mama na macho, Mungu atasaidia. Mimi nina kiofisi Igoma naingizia watu muvi na sizoni kwenye flashi na memori kadi, Jumong mpaka leo haipiti wiki haijaulizwa, na wanaouliza sio vijana, ni akina mama na wazee na madereva wa malori wanaokwenda mbali. Kuna sizoni kali za juzi juzi zimetoka zimesahaulika ndani ya mwezi, hii ni ya 2006 na bado inatembea.

Jibu langu mimi ni kwamba alikosea na nitakueleza kwanini. Angalia Mishil wa kwenye Queen Seondeok, ile ya 2009 episodi 62. Mishil ni mbaya, sikatai, ila hakuondoka. Alikaa kwenye kile alichokijenga mpaka dakika ya mwisho, na alipoona ameshindwa alikunywa sumu amekaa kitini kama malkia, episodi ya 50 ile, na ukweli ni kwamba baada ya pale episodi 12 zilizobaki zilipoa kabisa, wateja wangu wengi wananiambia waliishia hapo. Kwanini zilipoa? Kwa sababu aliyekuwa na uchungu wa kitu chake ndo kaondoka. Soseono naye alikuwa na uchungu ule ule ila waandishi wakampa heshima ya kuondoka kimya kimya ili Jumong abaki msafi. Mimi hilo ndo linaniuma, steringi anabaki na nchi, mke wa kwanza anabaki na mume, aliyetoa mtaji anapewa barabara.

Kitu kingine nataka kukuuliza, ile ya kwanza uliyoangalia kwa deki ilikuwa ya sabtaito au ya kutafsiriwa? Maana watafsiri wetu kuanzia enzi za Lufufu wana kipaji, wanaongea juu ya sauti wanaweka na maneno yao na mitaa yetu mle ndani, inanoga sana kibandani watu wanapiga makofi, lakini kwenye muvi za kupigana haina shida, kwenye sizoni kama hii inabadilisha mtu. Nimewahi kusikia tafsiri moja Soseono anaondoka huku anamtukana Yesoya. Ukirudi kwenye sabtaito hakuna tusi hata moja pale! Sasa mtu aliyeangalia ile anakuja kubishana na wewe kumbe mmeangalia wanawake wawili tofauti.

Mzee wa Nansio

Marahaba binti, na wengine wote humu.

Mimi nimevua dagaa miaka zaidi ya ishirini. Siku za mbalamwezi hatuingii ziwani kwa sababu mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaji kwenye taa, wanatawanyika tu, kwa hiyo kambi nzima inakuwa pale nchi kavu haina kazi zaidi ya kushona nyavu. Hapo ndo kibanda kinajaa. Kuna kijana ana sola na betri na luninga, kiingilio kidogo tu, na mimi Jumong nimeiangalia kwa mbalamwezi, kila mwezi siku chache, nikaimaliza kwa karibu mwaka. Nyie mnaoangalia nne kwa usiku mmoja hamjui raha ya kukaa wiki tatu majini unafikiria Daeso atafanya nini.

Sisi tuliokulia sinema za zamani tulijua watu wa kule kwa ngumi tu. Bruce Lee alifariki 1973 na huku bado tulikuwa tunapigana mateke kwenye mchanga miaka kumi baadaye tukimuiga, halafu Jackie Chan, halafu Jet Li. Sikuwahi kujua kwamba watu hao wana mambo ya mke mkubwa na mke mdogo na mtoto wa nje na urithi kama ya kwetu. Jumong ndo ilinionyesha.

Sasa kwenye swali lako naona nyote mnamsahau mtu mmoja. Yesoya. Huyu ndo alimuokota Jumong akiwa nusu mfu akamuuguza. Akaolewa naye, akabaki Buyeo na mimba mikononi mwa maadui wa mumewe, akazaa huko, akateseka huko na mtoto. Na alipofanikiwa kutoka akafika Goguryeo, alimkuta mumewe siku hiyo ndo anamuoa Soseono, watu wanashangilia barabarani. Akasimama pale na mtoto mkononi, akageuka akaondoka. Hakupiga kelele, hakusema mimi ndo mke. Miaka akaishi kwa taabu kama hana mume. Kile kibanda chetu kina wavuvi wagumu watu wa matusi, siku ile hakuna aliyeongea, na mmoja alitoka nje.

Kwa hiyo Soseono alifanya sawa, ndio, lakini asisifiwe peke yake. Mwenzie alishaondoka kwanza kwa ajili yake, bila hata mtu mmoja kujua. Yeye alikuwa analipa.

MamaKayabo

Mzee wangu umenikata maini. Hiyo ya Yesoya kugeuka nimeiona mara tatu na sikuwahi kuiweka sahani moja na ya Soseono kuondoka. Kweli kabisa, wote wawili waliondoka.

Flashi_Igoma mdogo wangu, ile ya kwanza ilikuwa ya kutafsiriwa, na ndio, Soseono alikuwa mkali sana mle, nakumbuka. Labda ndo maana nililia kwa hasira. Sijui.

Pasiansi88

Nawasoma hapa, mimi sizoni ndefu zilinishinda zamani, siku hizi naangalia za episodi 16 au muvi moja kwa saa mbili nimemaliza nalala. Sio kwamba za 16 zote ni nzuri, nyingi zimechoka, kila siku mtu kagongwa na gari kapoteza kumbukumbu, jamaa tajiri anamshika mkono dada maskini anamvuta, wa pili anayempenda kweli anaachwa kwenye mvua.

Ila nataka kusema kitu kuhusu kuondoka. Mnamuongelea Soseono kama kuondoka ni uamuzi wa moyo tu. Yule aliondoka na watu wake, na farasi na mali. Angalia Parasite ya Bong Joon-ho ya 2019, ile iliyoshinda Oscar ya muvi bora kabisa mwaka 2020, ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata ile tuzo. Ile familia ya chini ingetaka kuondoka wangekwenda wapi? Kuna ule usiku wa mvua, wanatoroka kwenye nyumba ya matajiri wanashuka ngazi, wanashuka, wanashuka, maji yanashuka nao, wanafika kwao chumba cha chini nusu kiko ardhini maji yamefika kifuani. Kesho yake asubuhi mama tajiri anasema mvua imesaidia hewa imekuwa safi. Mimi nimekulia Mabatini, mto Mirongo ukijaa tunabeba godoro tunaweka juu ya kabati, nilipoona ile sehemu nilisimamisha muvi nikakaa kwanza. Kwa hiyo anayeweza kuondoka ni mwenye pa kwenda. Soseono alikuwa na pa kwenda kwa sababu alikuwa na mtaji. Tofauti yenu nyote na mimi iko hapo.

MamaKayabo

Pasiansi hoja yako ni nzito na nimekaa nayo. Lakini mama yangu aliondoka na sufuria mbili, mdogo wangu. Igombe hakuwa na ndugu hata mmoja. Wiki ya kwanza tulilala kwenye kibanda cha kuanikia dagaa, na mama mmoja wa pale mwaloni, ambaye hatukuwa tunamjua kabisa, ndo alimkopesha mafuta ya kukaangia na ndoo ya furu. Kwa hiyo wapo wanaoondoka bila pa kwenda. Sijui walikuwa wanafikiria nini ile asubuhi wanaondoka. Ndo ninachotaka kukijua.

Nyakato_mama2

Dada mimi na wewe tufahamiane, mama yangu naye ana habari inayokaribiana na hiyo, ila sitaiweka hapa.

Mimi niko upande wa mama yako moja kwa moja. Nyumba moja wanawake wawili na vijana watatu wanaotaka kiti kimoja, hapo hata wapendane vipi, watu wa pembeni watawachonganisha, na mle ndani walishaanza, watu wa Jolbon walishaanza kunong'ona kwamba Biryu ndo anastahili. Soseono alisikia ile minong'ono na ilikuwa inamfaidisha yeye! Angenyamaza tu mwanae angekuwa mfalme au angekufa. Alikataa kucheza hiyo kamari kwa roho ya mtoto wake. Mimi sioni udhaifu hapo.

Halafu mnazungumzia Wakorea tu, mnakumbuka ile ya Wachina ya Doudou na mama wakwe zake? Ilirushwa TBC mwaka 2011 imewekwa sauti za Kiswahili kabisa, sio mtu mmoja anasimulia, kila muigizaji na sauti yake, mpaka rais wa China alipokuja Dar es Salaam 2013 aliitaja kwenye hotuba. Wazazi wa mume waliachana, baba akaoa tena, kwa hiyo Doudou ana mama wakwe wawili na kila mmoja anataka kusikilizwa. Mama mkwe wangu mimi, ambaye muvi za nje alikuwa anasema ni kelele, alikaa na mimi kochi moja akaiangalia yote, na kuna siku Doudou alijibiwa vibaya na yule mama, mkwe wangu akageuka akaniambia "hivi mimi nakujibugi hivyo?" Nilisema hapana mama. Lakini kuanzia siku ile alibadilika kidogo, na mimi nilibadilika. Natamani zingeendelea kuletwa nyingi za namna ile, za Kiswahili chenyewe, mama wa dada hapo juu asingehitaji kusimuliwa.

Kijana wa Malimbe

Shikamoo mama, shikamoo mzee. Nasoma chuo huku Malimbe na historia ya Korea nimeifuatilia muda mrefu kwa sababu ya hizi hizi sizoni, kwa hiyo naomba nichangie kidogo upande wa kitabu.

Soseono kaandikwa kweli, sio waandishi wa TV wamemtunga. Kuna kitabu cha historia kinaitwa Samguk Sagi, kiliandaliwa na Kim Busik kikakamilika mwaka 1145. Hapo tayari imepita zaidi ya miaka elfu moja na mia moja tangu mambo yenyewe, kwa hiyo kina historia na hadithi za kale zimechanganyika. Kwa hesabu ya kitabu hicho Goguryeo ilianzishwa mwaka 37 KK. Na kuhusu Biryu na Onjo kinatoa masimulizi mawili. La kwanza linasema ni watoto wa Jumong mwenyewe kwa binti wa mfalme wa Jolbon. La pili, ambalo limewekwa pembeni kama "wengine wanasema", ndo lina Soseono binti wa Yeontabal, mjane wa Utae (ndo Uteh wa kwenye TV), aliyetumia mali yake kumsaidia Jumong kusimamisha nchi. Sizoni imefuata hilo la pili.

Sasa mama sikiliza hii. Kwenye simulizi hilo aliyetoa wazo la kuondoka sio Soseono. Ni Biryu, mtoto mkubwa. Yuri alipokuja akapewa urithi, Biryu alimwambia mdogo wake kwamba mama yetu alimwaga mali ya nyumba yake yote kujenga nchi hii, sasa nchi ni ya Yuri, na sisi tukibaki hapa ni kama uvimbe tu kwenye mwili wa mtu. Bora tumchukue mama twende kusini tutafute ardhi yetu. Kwa hiyo mtoto ndo alimuonea uchungu mama. Waandishi wa sizoni wakaugeuza, wakampa Soseono mwenyewe uamuzi, na mimi naona walifanya vizuri, nampinga hapo kaka wa Igoma, maana kwenye kitabu anachukuliwa kama mzigo na kwenye TV anatembea kwa miguu yake.

Kingine ni umri. Kitabu kinasema mama yake Onjo alifariki mwaka wa 13 wa utawala wa Onjo, ambao ni 6 KK, akiwa na miaka 61. Na Jumong alifariki 19 KK akiwa na miaka 40, miezi michache tu baada ya Yuri kufika. Fanya hesabu. Soseono alikuwa mkubwa kwa Jumong kama miaka minane, na mwaka ule Yuri alipofika alikuwa na miaka kama 48. Kwenye TV tunaona dada mrembo kijana, kumbe kwa kitabu ni mama mtu mzima ndo anafunga mizigo anaanza upya.

Na walipofika kusini ndugu wakagawana. Onjo alibaki Wiryeseong, Biryu akataka pwani, akaenda Michuhol, ambako wengi wanasema ni maeneo ya Incheon ya leo. Huko ardhi ilikuwa ya majimaji na maji yake ya chumvi, watu wake hawakuweza kukaa kwa raha. Alipokwenda kumtembelea mdogo wake akakuta kule wametulia, alijuta mpaka akafa, na watu wake wakahamia kwa Onjo. Hiyo ndo ikawa Baekje, inahesabiwa kuanzia 18 KK, ikadumu mpaka mwaka 660. Nimekumbuka hapo juu mama ulivyoongelea chumvi.

Na mzee wa Nansio, Yuri naye ana kisa chake cha utotoni kwenye kitabu hicho hicho. Alikuwa analenga ndege akakosea akapasua chombo cha maji cha mama mmoja, yule mama akamwambia huyu mtoto hana adabu kwa sababu hana baba. Akarudi nyumbani kumuuliza Yesoya baba yangu ni nani. Ndo akaambiwa kuna kitu baba kakificha kwenye jiwe la pembe saba chini ya msonobari, akazunguka milimani hakuona kitu, mwishowe akakikuta chini ya nguzo ya nyumba yao wenyewe, kipande cha upanga.

Mzee wa Nansio

Kijana Mungu akubariki. Kipande cha upanga nilikiona kwenye TV ila hilo la chombo cha maji sikulijua. Hapa watoto na manati zao wamevunja vyombo vingi sana na maneno kama hayo huwa yanasemwa, mbele ya mtoto, na watu wazima. Tuache.

Flashi_Igoma

Malimbe nimekusoma mara mbili. Hilo la Biryu kusema "mama yetu alimwaga mali yake" linanipa nguvu mimi, maana hata mtoto aliona ni dhuluma. Ila la miaka 48 limenibadilisha kidogo, sisemi nimekubali, nasema kidogo. Nilikuwa nawaza binti wa miaka 25 anasusa. Mtu wa 48 hasusi, anajua anachofanya.

MamaKayabo

Nimechelewa kurudi, jana boti za kisiwani ziliingia nyingi nikashinda mwaloni mpaka giza.

Usiku nilimsimulia mama yote aliyoandika kijana wa Malimbe, kwa Kisukuma, taratibu. Nilipofika kwenye maneno ya Biryu, kwamba tukibaki hapa ni kama uvimbe, akanishika mkono akasema "kaka yako aliniambia hivyo hivyo". Kaka yetu mkubwa alikuwa na miaka kumi na mbili wakati ule. Alishafariki. Sikuwahi kujua kama ni yeye. Miaka yote nilidhani mama aligombana na bi mkubwa, kumbe hawakugombana, na akaniambia bi mkubwa ndo alimpa ile sufuria kubwa, ile ya pili. Mzee wa Nansio, ulisema wote wawili wana deni kwa mwenzie, na mimi nimeipikia ugali ile sufuria mpaka ikatoboka sikujua imetoka wapi.

Baadaye kidogo akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake, kijana wangu nisaidie: watoto walipogawana, mmoja kwenye maji ya chumvi na mwingine kule kuzuri, mama yao alikaa kwa nani?

Kijana wa Malimbe

Mama nimesisimka kusoma hapo. Mpe salamu zangu, mwambie mwangaluka.

Kifo chake kimeandikwa upande wa Onjo, kwenye kumbukumbu za utawala wake, kwa hiyo mwisho alikuwa kwa Onjo. Na kuna kitu nilisahau kuweka. Onjo mwaka wake wa kwanza tu alijenga hekalu la kumheshimu Jumong. La mama alilijenga mwaka wa 17 wa utawala wake, miaka minne baada ya kumzika, na kitabu kinasema ni la mama wa nchi. Ndivyo kilivyomuita.

MamaKayabo

Nimemwambia. Amesema "miaka minne, alichelewa", halafu akaomba chai.

Wabeja sana nyote. Flashi_Igoma mdogo wangu Jumamosi nakuja huko na flashi ya 32, niwekee Jang Geum, yote 54, na Seondeok nimuone huyo Mishil wako. Zenye sabtaito tafadhali, tafsiri nitafanya mwenyewe.